Sukari Ilishuka Kabla ya Kilo

Nilipopasuliwa tumbo, upasuaji ule unaojulikana kwa kupunguza uzito, sukari ilishuka kabla ya kilo. Nikilisimulia hili watu hunikodolea macho. Mwili ulikuwa uleule, shati la hospitali limenibana mikono, na asubuhi muuguzi akinipima kidole kipimo kinasoma 8.1. Mimi niliyezoea kuamka na 14, siku nyingine 16, tena baada ya kudunga insulini usiku! Muuguzi akapangusa kidole kingine kwa pamba, akakamua tone jipya. 7.9. Akairudisha sindano kwenye trei, akaniambia, "Mama, leo hatudungi mpaka daktari aje." Daktari alipokuja alitazama daftari la vipimo, akasema kwa wengi huwa hivyo, na insulini yote ikasimamishwa.

Nawaandikia wenzangu wenye sukari ya aina ya pili, hasa sisi wenye miili mikubwa, kwa sababu huku kwetu Pwani upasuaji huu unazungumzwa kama urembo wa wenye pesa. Mimi ni fundi cherehani Mombasa, nashona madera na nguo za harusi. Sikupasuliwa ili nipungue kiuno. Nilipasuliwa kwa sababu nilimwona mamangu akiondoka kidogokidogo.

Kwa mama yalianza macho. Akawa anapepeta mchele akiacha mawe ndani, sisi tunadhani ni uzee. Kisha kikaja kidonda cha mguuni ambacho yeye mwenyewe hakukihisi, kwa kuwa nyayo zilishakufa ganzi. Aliyekiona ni dadangu alipokuwa akimpaka mafuta. Walikata vidole, halafu wakakata chini ya goti. Mwisho figo. Kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, teksi kwenda na kurudi, na akirudi hana nguvu hata ya kuinua kikombe. Hakuna siku niliyomsikia akilalamika juu ya sukari yenyewe, maana sukari haiumi. Yanayouma huja baadaye.

Mimi ilinianza kwenye mimba ya kitinda mimba. Sukari ilipanda, nikajifungua, ikashuka. Wakunga waliniambia nisikae bila kupima, kwa kuwa mwanamke aliyepata sukari ya mimba yumo hatarini kupata ile ya kudumu, na kweli baada ya miaka michache ikaja kukaa. Nikaanzishiwa metfomini, ikaongezwa glibenklamidi, mwisho insulini asubuhi na jioni. Kila dawa ilipoongezwa na mimi niliongezeka. Kliniki naambiwa, "Mama, punguza uzito," na dawa niliyopewa palepale inaninenepesha. Wengi hawaelezwi kwamba si uvivu wao. Sukari inapokuwa juu sana mwili huimwaga kwenye mkojo. Insulini ikishaidhibiti, chakula kilichokuwa kikipotea hubaki mwilini na kuwekwa akiba kama mafuta. Juu ya hayo, ukiogopa kushuka ghafla unakula usiku hata kama huna njaa. Nilifika kilo 116 na urefu wangu ni mita 1.58. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kilikuwa 10.4. Kinatakiwa kiwe chini ya 7 kwa wengi wetu tunaotibiwa.

Aliyenitajia upasuaji ni daktari mgeni pale kliniki, kijana, aliyeuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Mama, umeugua kwa miaka mingapi?" Nikamwambia inakwenda kumi na moja. Akaniambia hilo swali ndilo kubwa kuliko uzito wangu. Kongosho la mtu mwenye sukari ya aina ya pili huchoka mwaka hadi mwaka. Seli zinazotengeneza insulini zikishakufa nyingi, hata ukipasuliwa hakuna wa kuitikia. Kwa hiyo anayeugua kwa miaka miwili mitatu na anatumia vidonge tu, ana nafasi kubwa zaidi ya kuacha dawa kuliko mimi niliyezidi miaka kumi na nadunga insulini. Akanipeleka kupimwa sipeptaidi, kipimo cha damu kinachoonyesha kama kongosho bado linatengeneza insulini yake lenyewe. Langu lilikuwa bado linafanya kazi, ingawa si kama la mtu mzima wa afya.

Na jambo lenyewe si geni hata kidogo. Upasuaji wa kupitisha chakula kando ya tumbo ulianza miaka ya 1960 kule Iowa, Marekani, kwa daktari Edward Mason, na lengo lilikuwa uzito tu. Ni kwa bahati madaktari waliona wagonjwa wenye sukari wanatoka wodini bila kuhitaji insulini. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa Greenville, North Carolina, walitoa taarifa ya wagonjwa wao 608. Kati ya waliokuwa na sukari, karibu 83 katika kila 100 sukari ilirudi kuwa ya kawaida na ikabaki hivyo. Madaktari wengi walikuwa wagumu kuamini. Kisu kutibu ugonjwa wa damu? Lakini ilipofika 2016, vyama zaidi ya 40 vya madaktari na wataalamu wa kisukari duniani vilitia mkono waraka mmoja unaosema upasuaji huu uhesabiwe miongoni mwa matibabu ya sukari ya aina ya pili. Mimi niliyasikia haya nikiwa nimeshamzika mamangu.

Daktari mpasuaji, Nairobi, alinichorea kwenye karatasi. Tumbo linakatwa juu kabisa, kinabaki kijifuko cha kuchukua kama vijiko viwili vya mezani. Sehemu kubwa ya tumbo haitolewi; inabaki ndani lakini chakula hakipiti tena huko. Utumbo mwembamba nao unakatwa: ncha moja inapandishwa kushonwa kwenye kijifuko, na nyingine, ile inayoleta nyongo na maji ya kongosho, inaungwa chini zaidi. Kwa sisi mafundi ni kama kuhamisha mshono wa bega bila kutupa kitambaa. Upo upasuaji mwingine, ambao tumbo hukatwa kwa urefu na kubaki kama ndizi nyembamba, na robo tatu au zaidi inatupwa. Huo ni mwepesi kidogo na ndio unaofanywa zaidi duniani siku hizi, lakini kwa mtu mwenye kiungulia kikali kama mimi huweza kukizidisha, na kwa sukari ya muda mrefu kama yangu alipendelea ule wa kwanza.

Nikamuuliza kwa nini sukari inashuka kabla ya uzito. Akaniambia sababu ni zaidi ya moja. Kwanza, siku zile za mwanzo unakula kidogo mno, na ini, ambalo kwa wengi wetu limejaa mafuta, huanza kuyapoteza haraka. Ini likipungua mafuta huacha kumwaga sukari ovyo kwenye damu usiku. Pili, chakula kinafika mapema kwenye sehemu ya chini ya utumbo, na huko kuna seli zinazotoa homoni iitwayo GLP-1, ambayo huliamsha kongosho litoe insulini na huuambia ubongo kwamba umeshiba. Ndiyo homoni inayoigwa na zile sindano za kila wiki watu wanazoulizia sana sasa, Ozempic na ndugu zake. Wapo wanaofaa kuanza na hizo, na sisemi vibaya juu yake. Ila zinafanya kazi wakati unazitumia, na mimi hesabu ya kuzinunua kila mwezi maisha yangu yote haikulingana na mapato ya cherehani.

Tena niseme haki: si kila mtu anahitaji kisu. Utafiti wa Uingereza ulioongozwa na Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow, uliotolewa mwishoni mwa 2017, ulichukua watu waliougua kwa miaka isiyozidi 6, ukawalisha chakula cha kunywa cha kalori kama 850 kwa siku kwa miezi kadhaa. Baada ya mwaka, karibu nusu yao, 46 katika kila 100, sukari ilikuwa chini bila dawa yoyote. Dadangu mdogo, ambaye sukari yake ilikuwa mpya, alifuata njia ya kula hivyo chini ya daktari na imemfaa. Hapa pia jambo ni lilelile: mapema.

Sasa pesa. Bima ya kazini kwa mume wangu ilijibu kwa barua kwamba upasuaji wa kupunguza uzito ni urembo, haulipiwi. Barua ile iliniuma kuliko mshono wowote. Bima hiyohiyo ingelipa kunikata mguu. Ingelipa kusafisha damu mpaka kikomo chake. Ila kile ambacho kingeweza kuyazuia hayo, hicho kiliitwa urembo. Ilikuwa karibu shilingi milioni moja. Kakangu aliyeko Muscat alituma sehemu kubwa, mume wangu akakopa kwenye sacco, na mimi nikauza dhahabu niliyotunziwa harusini. Wifi yangu alinijia usiku akanisihi: "Wifi, dhahabu ya kuolewa haiuzwi." Nikamwambia na figo hazinunuliwi.

Kabla ya kupasuliwa nilipitia mikononi mwa watu wengi kuliko nilivyotarajia. Mtaalamu wa lishe, daktari wa usingizi wa hospitali (ile nusu kaputi), mshauri wa akili, daktari wa moyo. Nilimezeshwa kamera kutazama tumbo na nikatibiwa vijidudu vya vidonda vya tumbo. La macho nalisisitiza: nilipimwa macho mapema kwa sababu sukari iliyokuwa juu miaka mingi ikishuka ghafla, mishipa ya nyuma ya jicho iliyokwisha kuharibika huweza kuzidi kuharibika kwa muda. Mwenye sukari asipasuliwe bila daktari wa macho kumwona. Kisha wiki mbili za chakula kidogo kisicho na wanga, ili ini lisinyae, maana ini lililovimba kwa mafuta hulifunika tumbo na kumpa mpasuaji kazi ngumu.

Hatari nilielezwa bila kufichwa: kuvuja pale palipounganishwa, damu kuganda miguuni, kutoka damu. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2009 uliofuata watu 4,776 ulikuta waliofariki ndani ya siku 30 ni 3 katika kila 1,000. Si sifuri. Niliandika wasia, nikaomba radhi kwa waliostahili, nikaenda.

Upasuaji ulifanywa kwa matundu madogo. Jioni ileile walinisimamisha nitembee, ili damu isigande miguuni. Nilipoanza kunywa, ilikuwa maji kwa kijiko cha chai, kimoja, unangoja, kingine. Baadaye supu ya kuku iliyochujwa, halafu vitu laini, halafu vya kupondwa, mpaka baada ya wiki nyingi ndipo nikarudi kwenye chakula cha kutafuna. Chakula cha kwanza cha kutafuna nilichokula nyumbani kilikuwa kipande cha samaki wa kupaka, ukubwa wa kidole gumba. Nilitafuna mpaka kikawa kama uji, nikameza, nikashiba. Nikabaki nimeshika sahani yangu na mume wangu ananitazama, tusijue tufanye nini na chakula chote kile mezani.

Sheria za kula zimebaki. Protini mbele: samaki, yai, kuku, kunde, maziwa ya mtindi yasiyo na sukari; angalau gramu 60 kwa siku. Wali unakuja mwisho, ukipata nafasi. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Nangoja kama nusu saa. Vitamini kila siku, maisha yote: kalsiamu na vitamini D, madini ya chuma, na B12, ambayo mimi nadungwa, kwa sababu chakula hakipiti tena kule kulikonisaidia kuifyonza, na metfomini nayo huipunguza. Anayedhani vitamini ni hiari akaonane na mtu aliyepata ganzi za miguu kwa kukosa B12 akidhani ni sukari imerudi. Na kitu kimoja cha hatari sana hapa kwetu: zile dawa za maumivu tunazonunua dukani kama peremende, diklofenaki na ibuprofeni. Baada ya upasuaji huu zinachimba vidonda pale palipounganishwa, vinaweza kutoboka. Natembea na kikaratasi kwenye pochi kinachosema hivyo, kwa sababu nimewahi kupelekwa zahanati na maumivu ya mgongo na mhudumu alikuwa ameshavuta sindano ya diklofenaki kwenye bomba.

Vitu vitamu mwili wenyewe unavikataa. Katika harusi ya jirani nililetewa kaimati, nikaonja mbili. Hazikupita dakika ishirini: moyo unadunda, jasho linanitiririka chini ya buibui, tumbo linasokota, nikalazwa kwenye mkeka chumba cha nyuma wanawake wakinipepea. Sukari ilimwagika kwenye utumbo mwembamba kwa mkupuo bila tumbo la kuizuia. Bibi mmoja akasema nimerogwa. Nilipopata nguvu nilimweleza taratibu, naye akasikiliza, akaniuliza kama wanawe wenye sukari wangeweza kufanyiwa.

Maneno ya watu ndiyo yaliyokuwa mazito zaidi. Kwetu mwanamke akinenepa baada ya ndoa husifiwa kwamba ametunzwa. Akikonda kwa miezi michache, wanaanza kuhesabu magonjwa. Nilipoteza karibu kilo 38 katika mwaka wa kwanza, nywele zikapukutika kuanzia mwezi wa tatu hivi (zikarudi baadaye), uso ukasinyaa, na wateja wawili watatu wakaacha kuniletea nguo. Niliambiwa na shoga yangu kinachosemwa: kwamba nina ugonjwa ule, kwamba mume wangu kaniletea. Nilichofanya ni kusema wazi. Kila aliyekuja dukani kupimwa nguo na akanitazama mara mbili, nilimwambia nina sukari, nimepasuliwa tumbo kutibu sukari. Basi wakaanza kuja wengine, si kushona, kuuliza.

Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga, na ya pili niliruhusiwa baada ya vipimo. Ile ya kwanza nililia. Nikatoa fidia ya kulisha masikini kama nilivyoelekezwa na sheikh, na kila magharibi nikaketi na watu wangu nikinywa kijiko changu cha supu wakati wao wanafuturu. Kunywa maji ya kutosha kwa kijifuko kidogo kunataka mchana kutwa. Mtu aliyepasuliwa karibuni akifunga, figo zinaumia.

Sasa naja kwenye matokeo. Insulini sijaidunga tena tangu siku ile. Glibenklamidi iliondolewa. Metfomini imebaki, kidonge kimoja jioni, na HbA1c ya mwisho ilikuwa 6.6. Kwa vipimo vya wataalamu, walivyokubaliana mwaka 2021, sukari huhesabiwa kuwa imetulia ikiwa HbA1c iko chini ya 6.5 kwa miezi isiyopungua mitatu baada ya kuacha dawa zote. Kwa hiyo mimi sijafika huko, na huenda nisifike. Mwanamke tuliyelala vitanda vya karibu, kutoka Kisumu, aliyeugua kwa miaka miwili tu, alitoka hospitali bila dawa ya sukari na mpaka leo hana. Tumepigwa kisu kilekile, na daktari yuleyule. Tofauti yetu ni miaka.

Hata yeye hakuambiwa amepona. Madaktari wa Roma, Italia, walifuata watu 60 wenye sukari waliogawanywa baina ya dawa na upasuaji. Baada ya miaka 10, waliopasuliwa ambao sukari yao ilibaki imetulia walikuwa karibu 4 katika kila 10. Wale wengine ilirudi, lakini wengi wao kwa kiasi kinachodhibitika kwa dawa chache. Kule Cleveland, Marekani, watu 150 walifuatwa kwa miaka 5: waliobaki na HbA1c ya 6 au chini walikuwa 29 katika 100 kwa upasuaji kama wangu, 23 kwa ule wa tumbo jembamba, na 5 tu kwa waliotumia dawa peke yake. Nazitaja namba hizi kwa sababu wapo mawakala wanaozunguka wakiahidi kwamba ukipasuliwa sukari inakwisha kabisa. Anayekuahidi hivyo anakuuzia. Mimi kuamka na 6 badala ya 14, kwa kidonge kimoja, ni neema ninayoijua thamani yake, na bado napima kidole, bado naenda kupima macho na mkojo kila mwaka, bado nakagua nyayo kwa kioo kabla ya kulala.

Mpwa wangu aligunduliwa mwaka jana. Ana miaka thelathini na minne, BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 41, anaendesha lori la makontena kutoka bandarini kwenda Kampala, anakula anapopata. Sijamwambia apasuliwe. Nimempeleka kwa daktari wake wa sukari akiwa na maswali aliyoandika mwenyewe: sipeptaidi yangu ni ngapi, chakula pekee kinaweza kunitosha, sindano zitanifaa, na kama ni kisu, kwa nini tungoje? Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vilishusha kiwango, kwamba mwenye sukari ya aina ya pili na BMI ya 30 na zaidi naye afikiriwe. Yeye amekipita mbali. Daktari amekubali kumwandikia aonane na mpasuaji. Bima yake imejibu kwa barua inayofanana na yangu karibu neno kwa neno. Safari hii tunakata rufaa: daktari ameandika kurasa mbili juu ya sukari yake, macho yake na figo zake, na neno uzito limekuja mwisho kabisa. Jibu bado.